Barua ya wazi kwa Afisa Elimu: fomu ya waamuzi haina mstari wa wazee

Ndugu Afisa Elimu Taaluma wa Halmashauri yetu,

Salaam. Kwa umri ningeweza kukuita mwanangu, lakini cheo kina heshima yake na jambo lenyewe ni la ofisi. Mimi ni mwalimu mstaafu wa historia. Mwaka huu mkuu wa shule yetu ya kata aliniomba niwasaidie wanafunzi wanne wa Kidato cha Pili kuandaa mradi wa mashindano ya historia. Mashindano yamekwisha, washindi wamepewa zawadi zao, nami sikati rufaa. Nina ombi kuhusu ile fomu ya waamuzi, kabla haijapigwa kopi tena mwakani.

Watoto walichagua tuta. Kila asubuhi wanalipita wakienda shule: limenyooka katikati ya mikorosho kama limepigwa rula, na watu wanaliendeshea baiskeli. Mmoja wao alidhani ni barabara iliyotelekezwa na mkandarasi. Kumbe ni reli. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza, iliyokuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita, ilianza kulima karanga Tanganyika. Mpango ulikuwa kufyeka mamilioni ya ekari, zikiwamo za Kongwa, Urambo na hapa kwetu kusini, Nachingwea. Kwa ajili hiyo ikajengwa bandari ya Mtwara, ikajengwa na reli ya kuzishusha karanga pwani. Karanga za kujaza treni hazikupatikana. Januari 1951 mpango ukafutwa, ukiwa umemeza karibu paundi milioni 36. Reli ikaendelea kubeba mizigo haba miaka kadhaa, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikang'olewa. Tuta likabaki.

Hayo yamo vitabuni, na mwanafunzi mwenye simu anayapata jioni moja. Nilichotaka ni wajue watu wa hapa waliionaje treni hiyo, na hilo hakuna kitabu kitakachowaambia zaidi ya waliokuwapo. Nikawapa daftari moja, wakaenda kwa wazee watatu.

Kabla ya kwenda tulifanya mazoezi wiki nzima, wakihojiana wenyewe kwa wenyewe chini ya mwembe. Shida ya kwanza ilikuwa maswali yenye jibu tumboni. "Babu, reli iliwasaidia sana, siyo?" Babu mwenye adabu zake atasema ndiyo, na mahojiano yameishia hapo. Wakajifunza kuuliza: "Treni ikipita, nyinyi mlikuwa mkifanya nini?" Wakajifunza kuomba ruhusa kabla ya kuwasha simu ya kurekodi, kuandika tarehe, mahali na umri wa msemaji, na kunyamaza mzee anapotafuta neno. Hilo la kunyamaza liliwashinda mpaka mwisho.

Bibi mmoja alizungumza Kimwera mwanzo hadi mwisho. Waliandika kwanza maneno yake kama yalivyo, kisha tafsiri ya Kiswahili chini yake. Alikuwa msichana aliyeuza mihogo ya kuchemsha pale treni iliposimama. Mwaka wa kung'olewa reli hakuujua. Alichokumbuka ni kwamba bendera ilikuwa imeshabadilika, na kifungua mimba wake alikuwa anatambaa. Binti mmoja wa kikundi, bila kuambiwa na mtu, akaomba kuona cheti cha ubatizo cha huyo kifungua mimba. Kimeandikwa 1962. Ndugu Afisa, nimefundisha miaka mingi na sijawahi kumwona mtoto wa miaka kumi na mitano akifanya kazi ya mwanahistoria namna ile. Nilikwenda kusimama nje kidogo.

Wazee wawili waliobaki hawakupatana. Mmoja anasema treni iliuawa na karanga kushindwa, mwingine anasema iliuawa na malori. Watoto wakayaandika yote mawili bangoni, moja kushoto, moja kulia, wakaacha swali wazi.

Siku ya mashindano nikaiona fomu. Mwonekano wa kazi, alama 40. Vyanzo vilivyochapishwa, alama 20. Zilizobaki zikagawanywa kwenye mada, lugha na nidhamu. Mstari wa mahojiano haukuwepo. Mwamuzi mmoja alilifungua daftari, akasoma kurasa mbili, akalirudisha kwa upole akisema, "Hizi ni hadithi." Kazi iliyoshinda ilikuwa fleksi iliyochapwa mjini, inang'aa, picha zote zimetoka mtandaoni. Siwalaumu watoto wale, walijibu kile fomu ilichouliza. Kazi yetu ilikuwa karatasi za manila zilizobandikwa kwenye boksi kwa uji wa muhogo, na kona moja ilishaanza kubanduka.

Niseme pia la kwangu. Mwamuzi wa pili alimuuliza mtoto mmoja zile paundi milioni 36 zilitoka mfukoni mwa nani, na mtoto akakwama. Alikwama kwa sababu sentensi ile niliiandika mimi, usiku, nikidhani ninasaidia. Alama zilizopotea hapo zilipotea kwa haki.

Lakini "hadithi" siikubali. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakati huo kikiwa bado Chuo Kishiriki cha Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilianza kuwatuma wanafunzi wake makwao wawaulize wazee habari za Vita vya Maji Maji. Vita vile vilianza Julai 1905, watu wa Matumbi walipong'oa pamba ya Mjerumani kule Nandete, kwa hiyo ilikuwa imepita miaka sitini na kitu. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayotutenga sisi na reli hii. Maneno ya wazee wale mpaka leo yananukuliwa na kila anayeandika juu ya Maji Maji, na mengi waliyoyasema hayamo katika jalada lolote la Mjerumani. Aliyekwenda kuuliza alikuwa mwanafunzi mwenye daftari.

Wamarekani nao wana mashindano ya wanafunzi yanayoitwa National History Day, yaliyoanzia Cleveland mwaka 1974. Mada ya mwaka inatangazwa mapema, bango lina vipimo vyake na kikomo cha maneno, kila kikundi kinaandika maelezo mafupi ya jinsi kilivyofanya utafiti, na waamuzi wanakaa na watoto kuwahoji. Asilimia 80 ya tathmini ni ubora wa historia yenyewe, asilimia 20 ndiyo uwasilishaji. Sisemi tuwaige kila kitu. Nataka uzitazame hizo namba mbili tu, kisha uitazame fomu yetu.

Ninachoomba hakihitaji bajeti. Mahojiano yapewe mstari wake na alama zake, yakiwa na ruhusa ya msemaji, tarehe, mahali, na ushahidi kwamba mtoto amelinganisha aliyoambiwa na kitu kingine, hata kama ni cheti cha ubatizo. Bango liandikwe kwa mkono, lisizidi ukubwa mtakaoupanga, ili mzazi mwenye hela asishindane na mtoto asiye nazo. Waamuzi wamhoji mtoto huku sisi walimu tukiwa nje ya chumba. Mimi nitakuwa wa kwanza kutoka. Na barua ya mashindano itoke Januari. Mwaka huu ilitufikia wiki tatu kabla, msimu wa korosho, wazee wako mashambani na watoto wanawaza mtihani wa upimaji. Ikitoka Januari, likizo ya Juni yote ni ya kuuliza.

Tena rekodi zisirudi nyumbani kwenye simu ya mtu, ikaharibika nazo. Ofisi ya utamaduni ya halmashauri ina kompyuta.

Juzi yule bibi alinikuta sokoni, akaniuliza wajukuu zake wa reli wameshika nafasi ya ngapi. Nilimwambia matokeo hayajatoka. Nisaidie nisiendelee kumdanganya mtu mzima.

Wako katika kazi ya elimu,

Mwalimu mstaafu wa historia