Usiache kumuuliza

Dodoma

Dada yangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Nimepata ujumbe wako, nikaona haya si mambo ya kujibiana kwa simu huku foleni ya daladala inanisukuma. Nimekaa nikuandikie.

Kwanza ya nyumbani. Kaburi la mama yako lilititia baada ya mvua za Januari. Usishtuke, kaburi jipya huwa hivyo. Vijana wa kwaya walikwenda Mvumi na makoleo, wakajaza udongo na kuusimamisha msalaba upya. Kujengea tusubiri kiangazi. Baba hajambo. Mlenda anaopelekewa na jirani anausema kwamba hauna chumvi, lakini bakuli linarudi tupu.

Sasa hilo lililokuumiza. Umesema kila ukisikia "kazi ya Mungu haina makosa" unatamani kutoka nje ya kanisa, na kwamba mama mmoja wa maombi huko Mwanza amekukemea: aliyeokoka halii namna hiyo, na kumuuliza Mungu kwa nini ni kukufuru. Nakuambia wazi, mama huyo amekosea. Najua msibani alikuja na unga na alikesha nanyi, Mungu ambariki kwa hilo. Ila Biblia aliyoishika haiko upande wake.

Soma Yohana 11 polepole. Yesu alipelekewa habari kwamba Lazaro hawezi, naye akakaa siku mbili zaidi palepale alipokuwa. Anafika, maiti ina siku nne kaburini. Martha anamwendea njiani: "Bwana, kama ungalikuwapo hapa, ndugu yangu hangalikufa." Sisi tunalisoma kwa sauti ya ibada, lakini lisikie linavyotoka kwa mfiwa ambaye hajalala. Ni lawama ile. Yesu hakumnyamazisha. "Mimi ndimi huo ufufuo, na uzima," maneno tunayoyasikia kwenye kila mazishi, aliambiwa mwanamke aliyekuwa anamlaumu Bwana wake barabarani. Kisha Mariamu ndugu yake akaja na maneno yale yale, na safari hii Yesu hakufundisha kitu. Alilia, naye alikuwa anajua kabisa kwamba muda si mrefu Lazaro atatoka kaburini! Kama kujua mwisho mwema kunakausha machozi, yake yalitoka wapi?

Na Paulo watu wanamkatia maneno. Hakuwaandikia Wathesalonike wasihuzunike. Aliandika wasihuzunike "kama na wengine wasio na matumaini." Huzuni yako ina ruhusa, dada.

Kuna jingine, na hapa utaniona mkali. Wanaokufariji kwamba mama yuko juu anakutazama, wala sitaki kugombana nao, ila hilo bibi zetu walikuwa nalo zamani. Wamisionari wa CMS, shirika la Waanglikana wa Uingereza, walipofika Mpwapwa miaka ya 1870, Wagogo hawakuhitaji kufundishwa kwamba wafu wapo, walikuwa wakitambika. Habari ngeni ilikuwa kwamba kaburi litafunguka, na kifo, ambacho Paulo anakiita adui, kitabatilishwa. Adui, unaona? Basi usijilazimishe kumshukuru Mungu kwa ajili ya kifo kana kwamba ni zawadi. Mshukuru kwa ajili ya mama, hilo linatosha kabisa kwa sasa.

Unamkumbuka yule mzee wa kanisa anayekaa benchi la nyuma, aliyefiwa na mwanawe katika ajali ya treni ya Igandu, Juni 24, 2002? Nilimwendea baada ya kupata ujumbe wako. Akaniambia, "Mwanangu, mwaka ule nilimwambia Mungu maneno ambayo nisingeyarudia mbele ya mchungaji. Lakini nilimwambia Yeye, sikumsema kwa majirani." Halafu akaendelea kupukuchua karanga zake. Imani ya mzee huyu haipungui ya mchungaji, na bado anauliza.

Kwa hiyo kuimba usijilazimishe. Nenda ibadani ukae, wengine waimbe kwa ajili yako. Wakifika kwenye kukiri imani na ulimi ukakataa kutamka ufufuo, acha kanisa zima litamke, wewe utadakia siku nyingine. Ukishindwa kuomba, Zaburi ya 88 ipo. Inaishia gizani na bado ni sala. Na ule chakula, tafadhali. Nakujua.

Mwisho, fundi anauliza maneno ya kuandika kaburini, na anatoza kwa herufi. Mimi nilitaka ile ya Yohana, baba amekataa. Anataka ya Ayubu: "Mteteaji wangu yu hai." Nimekubaliana naye, na si kwa sababu ya bei tu, Ayubu alilalamika kuliko Martha, na bado alilisema hilo. Ongea na kaka zako mniambie kabla ya Pasaka, ili fundi aanze mvua zikikatika.

Wasalimie watoto.

Mwenzako wa sauti ya pili