Usiniambie unaandika sura ya pili

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, marahaba. Bibi yako hajambo, miguu imempoa kidogo tangu mvua zikatike, na kila siku ananiuliza hiyo tasnifu yako ya mashamba ya mkonge utaimaliza lini.

Juzi kwenye simu nilikuuliza unafanya nini, ukanijibu, "Naandika sura ya pili." Mwezi uliopita jibu lilikuwa hilo hilo. Tatizo lako naliona hapo, wala si uvivu kama unavyojisema. Sura ya pili ina Wajerumani, ina Waingereza, ina manamba, wale vibarua wa mkataba waliotolewa mbali, ina bei ya singa, yaani nyuzi za mkonge. Mtu hawezi kuamka asubuhi akaiandika hiyo. Atafagia chumba, atafua, atapika, kompyuta ataifungua saa tano usiku.

Habari za mashamba ya mkonge unazijua kuliko mimi. Mkata mkonge haambiwi akate shamba. Anapewa mistari yake, anafunga majani 30 kila mzigo, anahesabu mizigo, ikitimia kazi ya siku hiyo imekwisha na kipande, ile kadi yake ya kazi, kinatiwa alama. Siusifu mfumo ule, uliwabana watu, na babu yako mpaka anakufa hakupenda kuuzungumzia. Lakini kazi ya siku moja walijua kuipima.

Basi na wewe ikate. Leo andika aya mbili tu: Hindorf, yule Mjerumani aliyeuleta mkonge, mwaka 1893, miche aliyoagiza kutoka Florida, na ile 62 iliyosalimika. Hizo zinakwisha kabla ya adhuhuri. Kesho ingia SILABU, ile ofisi ya kuandikisha vibarua wa mkonge: ilianzishwa 1944, na nani, na kwa nini wafanyakazi walifuatwa mpaka Kigoma na Ruanda-Urundi ilhali watu wa pwani wapo. Hilo "kwa nini" nadhani litakula siku kadhaa, kwa hiyo nalo ligawe: siku moja mishahara, siku nyingine mashamba ya wenyeji, waliokuwa na chakula chao na hawakuona sababu ya kulala kambini. Utaifishaji wa 1967 usiuguse kwanza.

Ukitaka kujua kama kipande cha kazi ulichokata bado ni kikubwa, jiulize utajuaje kwamba kimekwisha. "Kusoma kuhusu manamba" hakuna siku kutakwisha. "Kusoma faili moja pale Nyaraka za Taifa na kuandika nusu ukurasa" kunakwisha, unakwenda kula. Kazi ya kesho iandike daftarini usiku, maana asubuhi visingizio ni vingi.

Namba ya faili na ya ukurasa iandike hapo hapo, hata sentensi ikiwa mbovu. Sentensi utaitengeneza umekaa kitandani, lakini namba ikikupotea utapanda tena daladala mpaka Upanga kuitafuta. Utangulizi nao uwe wa mwisho. Najua msimamizi wako anautaka mapema. Mpe ukurasa mmoja wa mpango, mwambie kwa adabu kwamba mengine yanakuja. Wengi hukubali wakiona karatasi mkononi.

Mjomba wako anakuja huko Alhamisi kwa basi la asubuhi. Nimemfungia machungwa ya Muheza na samaki wa kukaanga. Samaki uwale siku hiyo hiyo. Akirudi mpe hizo aya za Hindorf uzichapishe, nizisome. Usizisafishe kwanza.

Baba yako,
Ngamiani, Tanga