Mgombea udiwani, tuonyeshe ukurasa wa bajeti

Mhariri,

Ukizisoma manifesto za wanaotaka viti vya udiwani, yaani kuwakilisha wadi katika bunge la kaunti, katika uchaguzi wa Kenya wa Agosti 10, 2027, utakutana na ahadi tatu zilezile: ada na kodi zitashuka, polisi wataongezwa, barabara na zahanati zitajengwa. Nchi ina wadi 1,450 na sidhani kuna itakayokosa kuahidiwa hivyo. Ombi langu kwa wapiga kura ni kwamba kila ahadi waiulize maswali mawili. Kiti cha diwani kina mamlaka hayo? Na itaingia kwenye hati gani ya bajeti, kabla ya tarehe gani?

Kuhusu mamlaka, sheria haina utata. Kifungu cha 9 cha Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 kinamtaka diwani awe karibu na wakazi, apeleke maoni yao bungeni na kuwarudishia majibu. Kifungu hichohicho kinamkataza kushiriki, moja kwa moja au kwa mlango wa nyuma, katika kazi za utekelezaji za serikali ya kaunti, au kutoa huduma kana kwamba yeye ni mfanyakazi wa kaunti. Kwa hivyo diwani hajengi barabara, haajiri muuguzi, hachagui mwanakandarasi. Anatunga sheria, anapitisha bajeti na kuhoji matumizi. Hayo matatu ni mamlaka makubwa sana mikononi mwa anayeyaelewa, na ndiyo maana inaniuma kuona kampeni zikipita bila hata moja kutajwa.

Kodi kwanza. Katiba, kifungu cha 209, inaziruhusu kaunti kutoza kodi ya ardhi na majengo, kodi ya burudani, na nyingine yoyote iliyoidhinishwa na sheria ya Bunge la Kitaifa. Zaidi ya hapo zinatoza ada za huduma: leseni za biashara, maegesho, ushuru wa soko, ada za machinjio na mabango ya matangazo. VAT, kodi ya mapato, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa ni vya serikali ya kitaifa. Mgombea udiwani anayeahidi kushusha bei ya unga au mafuta kwa kupunguza kodi anaahidi kitu ambacho bunge la kaunti haliwezi hata kukijadili kama mswada.

Anayeahidi kupunguza leseni ya duka au ushuru wa soko, huyo yuko ndani ya mipaka yake. Viwango hivyo vimo katika majedwali ya Sheria ya Fedha ya kaunti. Lakini atuambie ni jedwali gani, kutoka kiasi gani hadi kiasi gani, na pengo litazibwa na nini. Zipo fedha za mgao wa kitaifa, Sh415 bilioni kwa kaunti zote 47 katika mwaka wa 2025/26, lakini sehemu kubwa huliwa na mishahara na gharama za kawaida. Makusanyo ya kaunti yenyewe yakishuka, kinachokatwa kwanza ni mradi wa wadi. Wala asitegemee ada za hospitali kuziba pengo hilo. Tangu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya 2023, pesa zinazokusanywa na kituo cha afya hubaki kituoni zitumike hapohapo. Haziendi kujenga soko wala barabara.

Ahadi ya “kufuta riba na faini za kodi ya ardhi” nayo ichunguzwe vizuri. Msamaha wa kodi hautolewi kwa tamko la jukwaani. Kifungu cha 210 cha Katiba kinataka uwe umeruhusiwa na sheria, uwekwe kwenye rekodi ya wazi pamoja na sababu zake, na kila msamaha uripotiwe kwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Na kama mgombea anataka kuwapunguzia wananchi mzigo kwa haki, aangalie daftari la uthamini wa ardhi. Daftari likizeeka, kiwanja kilichopanda thamani mara kumi hulipa kama zamani, kisha kaunti huhamishia mzigo kwa mama mboga na mwenye kibanda kwa sababu hao hufikiwa kila asubuhi. Nairobi ilitumia daftari la 1980 kwa zaidi ya miaka 30. Mgombea atakayesema “nitadai uthamini mpya, kisha kiwango cha asilimia kishushwe” amefanya hesabu. Sijaona wengi.

Kuna pia suala la kuwashirikisha wananchi, ambalo wengine hulichukulia kama urasimu. Aprili 2014 Mahakama Kuu ilifutilia mbali Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wakazi hawakushirikishwa ipasavyo. Ada zilizopitishwa kwa haraka zinaweza kuangushwa kortini katikati ya mwaka, na bajeti iliyozitegemea ikaanguka nazo.

Sasa nije kwenye tarehe, kwa kuwa hapa ndipo ahadi nyingi hufia. Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Diwani atakayechaguliwa Agosti 2027 atakuta bajeti ya 2027/28 imeshapitishwa na bunge lililotangulia. Anayeahidi kuweka lami au kujenga zahanati katika siku 100 za kwanza hana fungu la kufanyia hivyo, isipokuwa bajeti ya nyongeza ipitishwe, nayo huletwa na serikali ya kaunti, hailetwi na diwani. Anachoweza kukikuta mezani mara tu baada ya kuapishwa ni Mswada wa Fedha, ambao hupaswa kupitishwa ndani ya siku 90 baada ya mswada wa matumizi ya fedha, yaani karibu mwisho wa Septemba, kama bunge linaloondoka halikuumaliza. Huo ndio mtihani wake wa kwanza kuhusu kodi, na hatapata muda wa kuusomea. Inafaa aje akiwa tayari.

Kufikia Septemba 1, kaunti huwasilisha mpango wa maendeleo wa mwaka, na ule wa 2027 utahusu mwaka wa 2028/29. Mpango wa miaka mitano wa kaunti wa 2023 hadi 2027 nao unafika mwisho, kwa hivyo kipindi hicho ndicho cha kuandika mwingine. Mradi usiotajwa kwenye mipango hii hauna pa kushikilia baadaye. Kisha kuna Februari 28, siku ya mwisho ya kuwasilisha waraka wa mkakati wa fedha, ambao huweka kikomo cha kila idara. Bunge lina siku 14 za kuujadili. Ningependa kila mpiga kura aishike tarehe hiyo kuliko Aprili 30, makadirio ya bajeti yanapoletwa, au Juni 30. Sababu ni kanuni za usimamizi wa fedha za 2015: makadirio yakishafika, bunge haliwezi kuongeza wala kupunguza fungu la idara kwa zaidi ya asilimia 1 ya kikomo chake. Tuseme idara ya barabara imewekewa kikomo cha Sh800 milioni. Madiwani wote kwa pamoja wanaweza kuiongezea Sh8 milioni tu, na ni lazima zitoke kwingine. Diwani aliyenyamaza Februari, hata akipaza sauti Juni hadi koo likauke, amechelewa.

Kuhusu polisi nitasema mafupi. Huduma ya Taifa ya Polisi iko chini ya Inspekta Jenerali, na kuajiri na kuhamisha maafisa si kazi ya kaunti. Diwani hawezi kuleta kituo cha polisi, kumhamisha OCS (mkuu wa kituo) wala kupeleka pesa za kaunti kwenye mafuta ya gari la polisi bila makubaliano rasmi ya serikali hizo mbili. Hata hivyo ana njia tatu halali ambazo manifesto nyingi huziruka.

Njia ya kwanza ni Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, iliyowekwa na kifungu cha 41 cha Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011. Mwenyekiti wake ni gavana au mtu aliyeteuliwa naye. Ndani yake wamo wakuu wa polisi wa kaunti, madiwani wawili wanaopendekezwa na bunge la kaunti, na wawakilishi wa wafanyabiashara, wanawake, vijana, dini na watu wenye ulemavu. Kazi yake ni kupendekeza vipaumbele vya usalama, kufuatilia mwenendo wa uhalifu na kuimarisha polisi jamii. Muulize mgombea: katika kaunti yetu imeundwa? Imekutana lini mara ya mwisho? Kama haipo, atawasilisha hoja gani bungeni? Malalamiko ya kuteswa au kuombwa hongo na polisi yapelekwe IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, na diwani anaweza kuwasaidia wakazi kuyaandika vizuri: tarehe, saa, mahali, nambari ya OB (daftari la matukio kituoni), majina ya mashahidi.

Ya pili ni askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo. Hao ni waajiriwa wa kaunti na bunge lina haki kamili ya kuwahoji wakubwa wao. Mgombea aseme kama atadai wavae sare na beji yenye nambari, bidhaa zinazochukuliwa ziandikiwe stakabadhi papo hapo, na bidhaa zinazooza zishughulikiwe siku hiyohiyo. Wachuuzi wengi huogopa kanjo kuliko mwizi, na dawa yake iko ndani ya uwezo wa bunge la kaunti.

Ya tatu ni mwanga. Taa za barabarani ni jukumu la kaunti. Lakini mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, haimuliki kwa kuzinduliwa. Bajeti ya maendeleo hununua mlingoti, na bajeti ya kawaida ndiyo hulipia umeme, balbu na fundi mwenye gari la ngazi ndefu. Bili isipolipwa, taa hukatwa na giza hurudi kama lilivyokuwa. Kihisi cha mwanga kikiharibika, taa huwaka mchana kutwa na bili hupanda. Za sola nazo zina betri zinazochoka baada ya miaka michache, na zikifungwa chini huibwa. Kwa hivyo anayeahidi taa 20 atuonyeshe mistari miwili kwenye bajeti, wa kununua na wa kutunza.

Barabara ndiyo ahadi inayopigiwa makofi zaidi, na ndiyo rahisi kupima. Kwanza jua ni ya nani. Barabara kuu za kitaifa si za kaunti, na diwani hawezi kuzitengea pesa. Ikiwa ni ya kaunti, uliza neno lililoandikwa kwenye bajeti. “Kuparura” ni tinga kupita na kusawazisha udongo uliopo, na mvua ya kwanza hurudisha mashimo. “Kumwaga murram” ni kazi nyingine kabisa. Kilomita moja yenye upana wa mita 5 na unene wa milimita 150 baada ya kushindiliwa inahitaji mita za ujazo 750. Kwa kuwa murram hupungua ikishindiliwa, hupakiwa zaidi, kama mita 975. Lori linalobeba mita 10 litakuja karibu mara 100. Ukihesabu lori 30 kwenye kilomita nzima, unajua unene umeibwa kabla hata ya kupima. Angalia pia kama katikati imeinuliwa ili maji yateremke kandoni, kama mitaro ina mahali pa kumwagia, na kama kalvati zimewekwa sehemu za bondeni. Barabara huuawa na maji yaliyosimama kabla magari hayajaanza kuiumiza. Mita 500 zenye mitaro na kalvati ni bora kuliko kilomita 3 za kuparurwa, na namheshimu mgombea atakayekubali kusema hivyo hadharani, ingawa urefu ndio unaoshangiliwa.

Zahanati ina mtego wake. Jengo ni sehemu ndogo. Bila maji, umeme wa friji ya chanjo, kichomea taka na shimo la kondo, haiwezi kuzalisha akina mama wala kuchanja watoto ipasavyo. Inahitaji leseni ya KMPDC, baraza la madaktari, na mkataba na SHA, mamlaka ya bima ya afya ya jamii, ili ilipwe kwa wagonjwa inaowahudumia. Muuguzi mmoja hatoshi, maana akienda likizo au kufuata dawa mjini, mlango unafungwa. Na kuajiri kuna ukuta wake: kanuni zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato ya kaunti, huku angalau asilimia 30 ya bajeti ikiwekwa kwenye maendeleo. Kaunti iliyovuka kikomo cha mishahara itajenga zahanati nyingine na kukosa wa kumweka ndani. Mara nyingi kuiongezea wauguzi wawili na tangi la maji zahanati iliyopo kunaokoa watu wengi zaidi, ila hakuna utepe wa kukata.

Basari nayo itaahidiwa kwa sauti kubwa. Wakazi wajue kwamba shule za msingi na za sekondari ni jukumu la kitaifa. Ndiyo maana Januari 2025 Mdhibiti wa Bajeti alitoa waraka akizitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali ya kitaifa kabla ya kutumia pesa za basari, jambo lililoishia kortini. Chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini ni vya kaunti bila ubishi, na huko diwani anaweza kudai walimu na vifaa.

Hakuna haja ya kusubiri mgombea atuletee takwimu. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inampa kila raia haki ya kuomba stakabadhi, na ofisi inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Andika barua kwa kaunti, baki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa, na uombe vitu vitatu: orodha ya miradi ya wadi yako katika bajeti iliyopita, kiasi kilicholipwa kwa kila mmoja, na madeni ya wanakandarasi ambayo bado hayajalipwa. Linganisha na ripoti za Mdhibiti wa Bajeti na za Mkaguzi Mkuu, ambazo huchapishwa kwa umma. Kisha nenda nazo kwenye mkutano wa mgombea, na kabla hajashika kipaza sauti, mkabidhi nakala.

Mfuatiliaji wa bajeti za kaunti