Lusajo, Vesi ya Pili Imenishinda

Mwanjelwa, Mbeya
Jumapili jioni

Lusajo ndugu yangu,

Ugonile. Huku wazima, baridi tu. Naandika nimejitanda blanketi, wewe huko Kyela najua unalala bila shuka. Mama anakusalimu na anakumbushia usipa wake.

Kimya changu ni ule wimbo wa dawa za kulevya. Studio ni Jumamosi, kianzio nimeshalipa, na nina vesi moja tu.

Unakumbuka nilitaka dawa iwe mwanamke? Wazo niliwaibia Waingereza wale, The Stranglers, na "Golden Brown" yao ya 1982. Muziki unayumba taratibu, unaweza kuupiga harusini, kumbe huyo binti ndani yake kuna heroini. Mtunzi mwenyewe alisema unahusu vyote viwili. Basi nami nikaandika "mpenzi wangu mweupe, nikikukosa naugua", nikajiona fundi. Mama aliposikia kiitikio, "unga umenimaliza", akajibu kutoka jikoni: nani hajamalizwa, kwani debe la mahindi hulioni bei yake?

Halafu nikamsomea Gwamaka. Siku hizi yuko kwenye methadoni, ile dawa ya kuachia heroini, kila asubuhi anaenda hospitali ya Rufaa, anameza mbele ya muuguzi ndipo anaenda zake. Alisikiliza ameinama, anachokonoa udongo kwenye kandambili kwa njiti ya kiberiti. Akasema, "Mpenzi gani huyo, kaka? Mpenzi unamtamani. Mimi nilikuwa nanunua kete ili nisitapike."

Kwake yeye unga si mpenzi, ni mwenye nyumba. Alfajiri huyo anagonga: kamasi, miayo, vinyweleo vimesimama, na usingizi huna. Ukimlipa anaondoka, jioni yuko mlangoni tena. Risiti hatoi, kodi anapandisha anavyotaka, na nyumba yenyewe ni mwili wako.

Hapo kwenye kodi ndipo aliponikamata. Mwanzoni kete moja ilimtosha, baadaye tatu, tena si za kulewa, ni za kumfanya ainuke tu aoge kama watu. Mpenzi wangu mweupe hilo nitalichomeka wapi?

Lakini mwenye nyumba naye hachezeki, utamchezaje? Na mpenzi nikimfuta kabisa nitakuwa nimedanganya kwa upande mwingine, maana Gwamaka mwenyewe alianza kusema siku ile ya kwanza ilikuwa... akanyamaza, akaangalia barabarani. Sikumuuliza tena.

Nawaza vesi ya kwanza abaki mpenzi, ya pili abishe hodi kudai kodi, kwa sauti ileile. Hodi na kodi, vina hivyo viwili ndivyo nilivyonavyo.

Sasa niambie. Ageuke ghafla, au msikilizaji aanze kumshtukia mapema? "Arosto", yale maumivu ya kukosa unga, niiache hivyohivyo, au wazee wa kanisani hawataelewa? Gwamaka kakataa jina lake lisitajwe, anataka soda tu, je hiyo inatosha? Ijumaa utapanda? Na usipa?

Wako,
Ambakisye