Wale 24 wa Jenerali

Kanali wangu,

Salamu nyingi sana. Mimi sijambo, magoti tu ndiyo yana hadithi yake. Najua nimenyamaza tangu tulipomzika Jenerali, na zile jumbe zako tatu nimezijibu kwa alama ya kidole gumba, kama mtoto wa shule. Niwie radhi. Leo nina shida, na shida yenyewe inanitia haya, kwa hiyo nitazunguka kidogo kabla sijafika. Unanijua.

Mwezi uliopita shemeji, mjane wake, alinipigia simu kuhusu askari wake wadogo wa sanamu, wale wa mchezo wetu wa vita wa mezani. "Njoo uwatazame hawa watoto wa rafiki yako, mimi sijui pa kuanzia." Nilidhani nitakuta masanduku matano, sita. Nilikuta 41! Chini ya kitanda, juu ya kabati, nyuma ya cherehani. Moja limeandikwa kwa ule mwandiko wake mzuri: RISITI ZA ZAMANI. Nikalifungua mbele ya shemeji bila kufikiri. Ndani Waprusi 60 wa plastiki, hata kwenye fremu zao hawajakatwa. Shemeji akaniangalia. Mimi nikaangalia dari. (Na tusichekane hapa, maana mimi mwenyewe ninalo boksi la "nyaya za umeme", na umeme humo hamna.)

Kisha lile kabati la mwaloni alilokuwa akijivunia. Unawakumbuka Warumi wake wa milimita 25, wale aliowapaka kwa rangi za mafuta wakati hatujaota ndevu, chumba kizima kinanuka tapentaini? Nilivuta droo nikadhani wamenyunyiziwa unga wa ngano. Ni madini ya risasi waliyosubiwa yameliwa, Kanali. Mbao za mwaloni hutoa mvuke wa asidi, ile ile iliyo kwenye siki, na risasi ikifungiwa humo miaka na miaka huota huo unga mweupe na kumomonyoka taratibu. Nilimshika akida mmoja; mkuki ukabaki vidoleni mwangu, mkono wake ukabaki kwenye droo. Nusu ya jeshi imekwenda hivyo, bila kurushiwa hata mshale mmoja. Wale wako wa zamani watoe kwenye mbao leo hii, si kesho, na unawe mikono ukimaliza, unga huo ni sumu.

Lakini sikukuandikia kwa ajili ya Warumi.

Kwenye meza yake ya kupakia rangi, taa bado imeinama vilevile, niliwakuta 24. Unakumbuka alivyokuwa akitukera kwa kuanza na uso? Watu wote huanza na koti, suruali, uso mwisho. Yeye uso kwanza, "ili wanione nikifanya kazi." Basi walikuwa wamesimama kila mmoja juu ya kizibo chake, mwili mzima mweusi wa rangi ya msingi, nyuso peke yake ndizo zilizokamilika. Mashavu yana wekundu, macho yana mboni, mmoja ana ndevu za siku mbili. Nyuso 24 zimetokeza gizani zinanitazama. Nilikaa kwenye kiti chake mpaka shemeji akaja kuuliza kama nimepatwa na kitu.

Sasa nikupe siri, maana haina kazi tena. Ni Kikosi cha 73 cha Waingereza, na ulikuwa mtego wa kukunasa wewe. Pale Waterloo, Napoleon aliposhindwa, tarehe 18 Juni 1815, Kikosi cha 30 na cha 73 vilisimama kwenye mraba mmoja, na wapanda farasi wenu Wafaransa wa deraya wakavamia na kurudi, wakavamia na kurudi, wasiuvunje. Mimi wa 30 ninao tangu zamani, wale wenye kola za manjano hafifu. Kwa hiyo miaka yote hii mraba wangu umekuwa nusu watu nusu hewa, nawe ukipita hapo kwenye hewa na farasi wako huku ukicheka. Jenerali akakata shauri kunijazia nusu ya pili bila wewe kujua. Alitaka aone uso wako.

Shemeji akanipa sanduku. "Wamalizie wewe." Hapo ndipo ilipoanza.

Nilikwenda kwa daktari wa macho. Akanieleza kwa upole kwamba lenzi ya jicho hukakamaa kadiri mtu anavyozidi kuishi, na mtu akishapita miaka 40 huanza kusogeza kitabu mbali ili asome. Sawa, kitabu husogezwa. Askari wa milimita 28 ukimsogeza mbali anageuka nukta. Basi sasa navaa miwani, juu ya miwani navaa ile lenzi ya kichwani, mjukuu anasema nimekuwa sonara. Nikiona koti sioni brashi, nikiona brashi sioni kikombe cha maji, na juzi nimechovya brashi kwenye chai. Chai nikainywa, usimwambie mtu.

Nilinunua pia brashi ndogo mno, namba sifuri tatu, kosa ninalolirudia kila mwaka: rangi inakauka nchani kabla haijafika kifuani kwa askari. Nimerudi kwenye namba 1 yenye ncha nzuri, kama marehemu alivyokuwa akitufundisha na sisi tukimbishia.

Halafu nikafanya ujinga wa kuhesabu mlima wangu wa risasi, mimi niliyemcheka Jenerali kwa ule wake. Wasiopakwa rangi ni 1,312. Zamani nilikuwa namaliza 12 kwa wiki, na kazi yangu ya mshahara iko palepale. Siku hizi wanne, wiki ikiwa njema. Hiyo ni wiki 328, yaani miaka 6 na ushee, kwa sharti kwamba sinunui hata mmoja. Wiki ileile nikanunua 36. Najipa moyo na yule mwandishi H. G. Wells, ambaye kwenye kitabu chake cha kanuni cha 1913 alisema mchezo huu ni wa wavulana wa kuanzia miaka 12 hadi 150. Mimi nina 63, kwa hiyo nimebakiza 87, muda upo tele. Ila yeye alicheza sakafuni, anapiga magoti, analenga kwa kimzinga cha springi. Mimi dadu ikidondoka chini naiuliza kwanza imeonyesha ngapi kabla sijaamua kama nitainama.

Na kichwa nacho. Jumamosi nilibishana na yule kijana wa Profesa kuhusu kanuni moja ya Warhammer, ule mchezo mwingine wa vita wa mezani, nikaapa. Kumbe nilikuwa nasoma kichwani kanuni za 1987, neno kwa neno, na ukurasa ninauona. Kanuni za mwaka jana, nilizozinunua na kuzisoma mara mbili, hakuna kitu. Kijana ana adabu, alisema tu, "Mzee, hiyo ilishafutwa." Yeye huyo mashine yake inamchapia batalioni nzima ya rezini usiku akiwa amelala, asubuhi anaiosha. Mimi bado nimeshika mguu mmoja wa farasi nasubiri gundi ikauke. Simwonei wivu. Namwonea kidogo.

Haya, nimezunguka vya kutosha.

Kanali, nimemharibu mmoja. Makoti mekundu yalikwenda vizuri, suruali za kijivu vizuri, hata kola za kijani iliyokolea zilikaa. Ikabaki ile mikanda miwili myeupe inayopishana kifuani. Viwiko mezani, viganja nimevigusanisha, pumzi nimeishika kama mdunguaji. Mstari wa kwanza ukapanda ukavuka kola ukaenda hadi mdomoni. Ningeiacha ikauke, ningefunika baadaye. Nawe ungesema hivyo hivyo. Badala yake nikatahayari, nikachovya pamba kwenye spiriti nikafuta haraka haraka. Mkanda ukatoka. Na shavu likatoka, na jicho la kushoto, na zile ndevu za siku mbili. Ndiyo, ni yule wa ndevu. Ikabaki risasi tupu inang'aa.

Nilizima taa nikaenda kulala saa mbili usiku. Siku tisa sikuingia kile chumba. Nimepoteza vita vingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, mara nyingine kwako, na sijawahi kukosa usingizi. Kwa huyu nimekosa. Nikitaka nimpake uso mwingine nitaweza, wa hivi hivi, wa kibarua. Lakini utakuwa wangu, na wale 23 watajua.

Kwa hiyo ombi ni hili. Mkono wako bado umetulia, niliuona ukimpaka yule mpiga ngoma. Nikutumie hawa watu uwapake mikanda na lile bamba dogo la shaba inapopishana? Mengine yote nimeshayamaliza, na besi zao za kusimamia nitazifanya mimi, majani na matope hayahitaji macho. Najua nakuomba uwavike adui zako. Najua pia mtego ukishautengeneza mwenyewe si mtego tena. Fikiri, usinijibu kwa huruma.

Na macho yako wewe yakoje, kweli, si yale unayowaambia watu? Bado unafika katikati ya meza bila kulalia msitu? Hivi ni kweli umewaza kuhamia askari wa milimita 6, au Profesa ananitania? Masanduku ya Jenerali tuyafanyeje: tuyagawe, au shemeji ayauze? Nimwambie thamani yake halisi, au nimwambie ile marehemu aliyokuwa akimwambia? Na wako, umeshamwambia mtu nyumbani nani awachukue siku ikifika? Mimi bado, kila nikianza maneno yanageuka utani. Juni tunacheza au hatuchezi?

Sanduku nimeshalifunga, nasubiri neno lako tu. Wale 23 wamo kwenye sponji, safu mbili. Wa 24 yuko chini kabisa, nimemfunga peke yake kwenye karatasi laini. Ukifungua, anza na hao wengine.

Wako,
Meja