Barua kwa somo yangu wa Muscat

Somo yangu mpenzi,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza nilikuwa jikoni, nikazima jiko, nikakaa. Vile ulivyosema "nimeambiwa nina sukari" ilikuwa kama mtu anayetoa habari ya msiba, na sauti hiyo naijua, ndiyo iliyokuwa yangu miaka miwili iliyopita. Nimeona nikuandikie, maana nina mengi na kwa simu tutaishia kulia tu.

Nilipopimwa mimi, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi mitatu kilitoka asilimia 9.1. Daktari akaniandikia vidonge, akasema nipunguze wanga na nifanye mazoezi, kisha akamwita mgonjwa mwingine. Mazoezi gani, hakusema. Nikalipia jimu mwezi mzima, nikaenda siku nne. Nikaanza kutembea alfajiri na jirani, masika yakaingia, hatukurudi tena. Si kwamba sikuogopa. Marehemu mama alikatwa mguu, wewe mwenyewe ulikuja kumtazama. Niliogopa hadi usingizi ukanipotea, lakini hofu ile ilinilaza kitandani tu, haikunivisha viatu.

Aliyenivisha viatu ni mtoto wa dada'angu. Alikuja kwangu likizo ya Desemba, akaniomba simu aweke Pokémon GO. Mchezo huu ulitoka 2016. Viumbe vya katuni ya Kijapani hutokea kwenye ramani ya pale pale ulipo, barabara na vichochoro unavyovijua, na ukikaa sebuleni tu utavipata vichache. Unapewa mayai pia: kuna la kilomita 2, la 5, la 10. Yai haliangui mpaka utembee umbali wake. Ukipanda tuktuk, kilomita hazihesabiwi. Basi tukawa tunatoka naye hapa Kibokoni, Mombasa, tunapita Fort Jesus, tunakwenda hadi ufukweni Mama Ngina na kurudi, yeye anakimbilia mayai na mimi namkimbilia yeye asigongwe.

Januari akarudi kwao Malindi. Kabla hajapanda matatu akanishika mkono: "Mama mdogo, usimwache samaki wangu." Samaki huyo anaitwa Magikarp, mwekundu, ana sharubu za manjano, hana nguvu yoyote, kazi yake kujirusharusha. Lakini ukimkusanyia peremende 400 hugeuka Gyarados, joka la buluu la baharini. Ukimchukua awe mwandani wako, kila kilomita unayotembea hupata peremende moja. Nyingine unazipata kwa kuwakamata wenzake. Wakati ule tulikuwa na 61. Nilimwahidi mtoto, na ahadi ya mtoto naiona nzito. Usiku ule ule, baada ya kula, nikajitanda buibui nikatoka peke yangu.

Kuna usiku mmoja ndio ulionifungua macho. Nilikula wali wa nazi na samaki wa kupaka, na nilikula vizuri. Nikajidunga kidole kupima sukari ya wakati ule: 13.2. Nikatoka, nikatembea kama dakika arobaini, polepole, nikirudi nikapima tena: 8.9. Nilidhani kimashine kimeharibika. Muuguzi mmoja ndiye aliyenieleza kwamba misuli inapofanya kazi huivuta sukari iliyo damuni, hata kama insulini ya mwili imeshalegea. Laiti ningelielezwa hivyo siku ya kwanza! Tangu hapo sikuwa nikitembea gizani tena, nilikuwa najua kila hatua inakwenda wapi.

Nikwambie na ugumu wake, usije ukashtuka. Mwaka ule ule mchezo ulipotoka, 2016, jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha utafiti wa wachezaji Marekani: wiki ya kwanza waliongeza hatua 955 kwa siku, kisha zikapungua, kufika wiki ya sita wamerudi walipokuwa. Nami yalinipata hayo hayo. Upya wa mchezo uliisha, nikakaa siku tisa bila kutoka. Kilichonirudisha ni simu ya mtoto, "Samaki amefika ngapi?", nami sikuwa na la kumjibu. Nakwambia hivi kwa sababu naamini mchezo peke yake hautoshi. Lazima awepo mtu anayekungoja.

Mchezo unaweza kuhesabu hatua hata simu ikiwa mkobani imezimwa kioo, na kila Jumatatu saa tatu asubuhi hukupa jumla ya wiki na zawadi zake: ukifika kilomita 5, 25 au 50. Wiki yangu ya kwanza peke yangu nilipata 6. Sasa 25 ni kawaida, na hapo nimeshazipita zile dakika 150 za wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linatutaka tufikishe. Kipimo changu cha mwisho ni 6.8. Vidonge bado nameza, na wewe usije ukaacha dawa kwa sababu ya maneno yangu. Kama wamekuandikia insulini, beba tende au juisi mkobani, sukari isije ikashuka mno njiani. Vaa viatu vilivyofungwa, na ukirudi kagua nyayo zako, hata katikati ya vidole. Na barabarani usitazame simu. Ikitetemeka, simama pembeni kwanza.

Najua Muscat joto halina huruma. Nenda Corniche ya Mutrah, pale kando ya bahari, baada ya Maghrib, na miezi ya kiangazi zunguka ndani ya maduka makubwa yenye kiyoyozi, hatua ni hatua.

Agosti samaki alitimiza 400. Nilikuwa nimeketi Mama Ngina chini ya mbuyu, muhogo wangu wa kukaanga umebaki nusu kwenye gazeti, feri ya Likoni inavuka imejaa watu. Nikampigia mtoto kwa video ili abonyeze kwa maneno yake, mimi nibonyeze kwa kidole. Kioo kikawa cheupe, kisha joka likatokea. Alipiga kelele hadi dada akaja mbio kuuliza kuna nini. Mimi machozi yalinitoka, somo, nikiwaza miguu yangu imetembea kiasi gani kumfikisha pale, na bado ninayo yote miwili.

Sasa nisikilize. Weka mchezo leo, unitumie namba yako ya mchezaji. Marafiki wanaweza kutumiana zawadi kila siku, lakini zawadi unaichukua kwenye kituo, yaani mahali halisi palipowekwa alama kwenye ramani ya mchezo, na inabeba picha ya mahali ulipoichukua. Kesho jioni nitakuchukulia ya Fort Jesus. Nami nangoja ya Mutrah. Ndani ya zawadi wakati mwingine huwa na yai la kilomita 7, na likija lako nitalitembeza mimi.

Wako,
Somo yako wa Kibokoni