Lenzi pana ichaguliwe kwa upana wake

Mhariri,

Anayetafuta lenzi ya pembe pana isiyovuta, yaani ile yenye urefu mmoja tu usiobadilika, unaoandikwa kwa milimita (milimita zikipungua, picha huwa pana zaidi), mara nyingi huelekezwa na wauzaji wa katikati ya jiji la Nairobi atazame kwanza nambari ya tundu la mwanga, ambayo ikiwa ndogo tundu huwa kubwa: f/1.4 ni bora kuliko f/1.8, na f/1.8 ni bora kuliko f/2.8, basi anunue kadiri mfuko unavyomruhusu. Ushauri huo si wa uongo, lakini kwa mtu anayetaka picha za kila siku, za nyumbani na za barabarani, unaanzia mahali pasipofaa. La kwanza kuuliza ni upana ambao lenzi hiyo itaupata ikifungwa kwenye kamera aliyo nayo.

Kamera nyingi za bei nafuu, mpya na zilizotumika, zina sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga wa picha, ya aina iitwayo APS-C. Milimita zilizoandikwa kwenye lenzi hazibadiliki, ila sensa hiyo hukata kingo za picha, na ili kulinganisha na sensa kubwa ya milimita 36 kwa 24 inabidi uzidishe kwa 1.5 kwenye Nikon, Sony na Fujifilm, au kwa 1.6 kwenye Canon. Kwa hivyo lenzi ya milimita 35, ambayo wengi huuziwa kama lenzi pana, huwa sawa na ya 52 au 56, na upana wake umekwisha. Chukua mfano wa muuza viatu aliyesimama mbele ya kibanda chake katika soko la Gikomba, mahali ambapo ukirudi nyuma kidogo tu unagonga meza ya jirani. Ukiwa mita mbili kutoka kwake, na kamera ya Canon yenye sensa ndogo umeishika wima, lenzi ya milimita 24 inapata kimo cha takriban mita 1.86, naye anaingia mzima. Ile ya 35 inapata takriban mita 1.27, inamkata miguu, na viatu alivyovipanga chini, ambavyo ndivyo habari yenyewe, vinabaki nje.

Nikirudi kwenye nambari ya tundu, f/1.4 huingiza mwanga mara nne ya f/2.8, na hapa Nairobi, ambapo jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, watu wengi hutoka kazini mwanga ukiwa unakwisha. Hoja hiyo siipuuzi. Hata hivyo Canon EF 24mm f/1.4L II ina uzani wa gramu 650, ilhali EF-S 24mm f/2.8 STM, iliyotoka mwaka wa 2014, ina gramu 125 tu na hukaa kwenye kamera bila kutuna. Lenzi inayobaki nyumbani kwa sababu ya uzito, au kwa hofu ya kuporwa, haiingizi mwanga wowote. Wengine hukimbilia ile yenye kituliza mtetemo, EF 24mm f/2.8 IS USM ya 2012, na kwa kuta na majengo ya usiku inafaa sana. Lakini kinachotulizwa ni mkono wa mpiga picha, si makanga anayedandia matatu ikiondoka. Kwa picha za jioni zenye watu ningependelea f/1.8, ambayo huingiza mwanga takriban mara 2.4 ya f/2.8 bila uzito wa kutisha: RF 24mm f/1.8 ya Canon, kwa kamera za kisasa zisizo na kioo cha kuakisi ndani, ina gramu 270.

Mwenye sensa kubwa atachagua zaidi kati ya 28 na 35. Mimi ningechukua 35, kwa kuwa 28 hukulazimisha kumsogelea mtu hadi pua yake ikaonekana kubwa kuliko ilivyo.

Ombi langu kwa wauzaji ni kwamba waandike kando ya bei ikiwa lenzi imetengenezwa kwa sensa ndogo. Hiyo EF-S niliyoisifu haifungiki kabisa kwenye Canon za zamani zenye sensa kubwa, na mnunuzi anastahili kulijua hilo kabla ya kutoa pesa.

Msomaji wako,
Buruburu, Nairobi